Kijiko cha Tatu

Siku tulipoanua matanga ya dada yangu Nyabise, mumewe, Magesa, alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya kiti changu. Akasema nichukue nitakachotaka, maana watoto walishachagua na yeye macho yake hayasomi tena. Nje wanawake walikuwa wakisugua masufuria kwa majivu na mchanga huku wakibishana ni nani aliyezidisha chumvi kwenye mchicha wa jana yake. Ndani ya sanduku mlikuwa na vyeti vya ualimu, miwani miwili iliyokatika mikono, kalamu nyekundu zilizofungwa pamoja kwa mpira, na chini kabisa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nililitambua kabla sijalishika. Lilikuwa langu. Kwa karibu miaka thelathini niliamini lilipotea hospitalini, na kusema kweli nilishukuru kwamba lilipotea, kwa sababu ndani yake kuna mstari mmoja usio wa kweli, na mstari huo niliuandika mimi. Nikaliweka magotini bila kulifungua. Magesa alikuwa akinitazama, au akitazama upande wangu. Mtoto wa jicho amemwondolea uhakika wa mambo hayo. Akauliza nimeshika nini. Nikamwambia ni daftari la mwaka ule wa magugu. Akasema, "Basi kaa nalo kwanza. Chai inakuja."

Watu wa Mwanza wa umri wangu kila mmoja ana jina lake la mwaka ule. Wako wanaoukumbuka kwa kiwanda cha nguo kilichowapunguza kazi, wako wanaoukumbuka kwa mitumba iliyojaa kila kona. Mimi naukumbuka kwa magugu maji. Asubuhi ungetazama ziwa ukadhani ni shamba la mtu mwenye bidii: majani ya kijani yanayong'aa, maua ya zambarau, na chini yake maji yasiyoonekana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne na sikuendelea, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango wa chumba cha baridi kila baada ya nusu saa, kusoma kipimajoto na kuandika namba. Msimamizi wetu alinipa kanuni moja tu siku ya kwanza: usiandike unachodhani, andika unachokiona. Niliipenda kanuni hiyo kuliko mshahara. Kila asubuhi kikosi cha wanaume kiliingia majini kung'oa magugu yaliyoziba bomba la kiwanda, wakiyarundika ufukweni marefu kama nyumba, na mmoja wao hakuchoka kusema kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa, hata gugu limeingia bila kibali. Minofu ilisafirishwa nje; mifupa na vichwa, yaani mapanki, vilibaki kwetu. Jioni nilirudi Nyakato na mapanki mawili yaliyofungwa kwenye gazeti, nyumbani kwa dada, ambako nililala sebuleni kwenye godoro lililokunjwa mchana nyuma ya kabati.

Dada alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Mwanzoni mwa mwaka huo alianza kuamka uso umevimba, na vidole vyake vya miguu ukivibonyeza vilibaki na shimo. Hospitalini waliona damu inasukuma kwa nguvu na mkojo una povu, wakamwambia figo zake zimechoka, apumzike, ameze vidonge, na chumvi aiache kabisa. Neno hilo, kabisa, tulilirudisha nyumbani kama amri. Siku hiyo hiyo nilinunua daftari nikalichora mistari: siku, chakula, maji aliyokunywa, mapigo ya moyo kwa dakika, na safu ya mwisho, chumvi. Mapigo niliyahesabu mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, macho kwenye saa yangu, naye ananitania kwamba ninamhesabu kama boksi la samaki. Katika safu ya chumvi niliandika "hakuna". Siku iliyofuata, "hakuna". Ukurasa mzima uliteremka na neno hilo, nami niliutazama kwa fahari ambayo leo naiona ilikuwa ya mtu anayepima kitu kimoja na kudhani amepima vyote.

Ila hakula. Nakumbuka meza ile ya mbao yenye kitambaa cha plastiki, sahani ya ugali wa muhogo, mchuzi wa mapanki usio na kitu, mweupe, na dada anayezungusha tonge mkononi mpaka linapoa. Alisema chakula kina ladha ya daftari jipya. Alisema ng'ombe wa Magu wana bahati, wao hupelekewa magadi walambe. Tulicheka, lakini mifupa ya shingo yake ilikuwa imeanza kuonekana. Kupitia ukuta nilimsikia Magesa akimbembeleza kama mtoto, vijiko vitatu tu, viwili basi, na yeye akijibu kwa sauti ya chini kwamba njaa anayo, ila mdomo unakataa. Uvimbe ulipungua, na mwili nao ukapungua. Wiki kadhaa zilipita hivyo, na mimi nikiandika: ugali, robo sahani. Ugali, kidogo. Hakula.

Ndipo akaja Bibi Nyamisi, mama yake Magesa, kwa meli kutoka Ukerewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kukaa kwenye kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaingia jikoni kufunua sufuria. Akaonja mchuzi, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amekufa humu?" akauliza.

Magesa akamweleza kwamba hospitali imekataza chumvi. Bibi akaafiki kwa kichwa. Chumvi ya dukani, akasema, hata yeye haiamini. Inatoka wapi nani ajue. Lakini wazee wake hawakula chumvi ya dukani na hawakula chakula kama hiki. Walikula maji ya majivu. Akaomba maganda ya maharage au mabua ya mtama. Mjini hatukuwa navyo. Kesho yake nilimletea gunia la magugu yaliyokaukia ufukweni pa kiwanda, kwa sababu aliuliza majani gani yanapatikana bure, na hayo ndiyo yaliyokuwa bure kuliko chochote Mwanza nzima. Aliyageuza mkononi, akasema Mungu haumbi jani la bure, akayachoma uani. Majivu akayatia kwenye kopo alilolitoboa chini kwa msumari na kutandika nyasi, akamimina maji juu, na maji yakadondoka taratibu kwenye bakuli, ya rangi ya chai nyepesi, yanayoteleza vidoleni kama maji ya sabuni. Nilionja. Yalikuwa na ukali wa chumvi na nyuma yake uchungu kidogo.

Nilimuuliza, kwa sababu niliulizia kila kitu, kama hii si chumvi.

"Si chumvi, ni majivu," akasema. "Chumvi iko dukani."

Na mimi, mtu wa kanuni, nilikubali. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la neno. Katika Kiswahili chetu chumvi ilikuwa kile kitu cheupe cha kwenye pakiti. Majivu yalikuwa majivu. Daktari alikataza kitu chenye jina, nasi tukamtii mpaka mwisho wa jina. Nilichora safu mpya pembeni ya ile ya mwisho. Katika safu ya chumvi niliendelea kuandika "hakuna", na katika safu mpya nikaandika "maji ya majivu, kijiko 1", baadaye "vijiko 2", vijiko vikubwa vya chakula, kwenye mboga ya kila mlo.

Dada akala. Sitaki kupunguza furaha ya siku zile kwa sababu ya kilichofuata. Alikula mlenda, akala maharage, akala ndizi za kupika zilizoletwa na mwalimu mwenzake, akaomba aongezewe. Alirudi kufundisha, akaanza tena kusahihisha madaftari ya wanafunzi mezani, kalamu nyekundu mkononi, akisoma kwa sauti majibu ya ajabu. Wanafunzi walionakili kwa wenzao aliwajua kwa mwandiko na kwa wino, na hakuwakatia alama. Aliwaandikia pembeni maneno mawili, "Kazi ya nani?", akaacha nafasi chini ya hapo wajibu. Alisema mtoto anayejibu ukweli humpa alama zake zote. Bibi alimsikiliza akicheka bila kuelewa vizuri, kwani hakusoma, na kila dada aliposhika kalamu yeye alisogeza taa karibu naye kwa heshima, kama mtu anayehudumia sala.

Kisha Bibi akaenda kwa wiki moja Sengerema kumwona mdogo wake. Aliniachia jiko na chupa ya maji ya majivu. Alinishika mkono. "Viwili, mjukuu. Haya ya gugu yana nguvu kuliko ya maharage. Viwili vinatosha." Nilimuitikia. Siku ya pili nilikaa na daftari langu nikafanya hesabu. Bila majivu, robo sahani. Kijiko kimoja, ambacho Bibi alianzia, nusu sahani. Vijiko viwili, karibu sahani nzima. Mstari ulikuwa umenyooka. Nikaongeza cha tatu, nikaandika: "vijiko 3". Dada akamaliza sahani. Bibi aliporudi nilimwambia kwamba sasa ni vitatu na kwamba namba zimekubali. Hakupenda, lakini aliheshimu daftari. Alisema kama imeandikwa, sawa.

Miaka iliyofuata nilijifundisha nilichopaswa kukijua siku ile. Nilinunua vitabu vya fiziolojia kwa wauza vitabu vya mitumba, nikavisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni, na ninaweza kukieleza kwa maneno ya kawaida. Majivu ya mimea yana chumvi pia, ila si ile ya pakiti. Yana chumvi za potasiamu, na gugu maji limejaa potasiamu. Mwili unaihitaji potasiamu, lakini inakaa ndani ya seli, karibu yote. Nje, kwenye damu, hubaki kidogo sana. Nilipolielewa hilo nilikumbuka kiwanda wakati wa zamu: mamia ya watu ndani, na getini watu wachache tu. Tofauti hiyo kati ya ndani na nje ndiyo inayoupa msuli na moyo uwezo wa kushtuka na kutulia, kushtuka na kutulia. Tunapokula, damu hupokea potasiamu kutoka kwenye chakula, na homoni ya kongosho, insulini, huiingiza upesi ndani ya seli isizagae getini. Baadaye figo huitoa iliyozidi kwenye mkojo, zikiamriwa na homoni ya tezi mbili ndogo zinazokaa juu yake kama kofia. Mtu mwenye figo nzima anaweza kula chane nzima ya ndizi na asubuhi namba yake iko palepale. Figo zikichoka, mlango wa kutokea unakuwa mwembamba. Umati unabaki getini. Na umati ukijaa getini, moyo unasahau kutulia ni lini na kushtuka ni lini.

Hayo sikuyajua. Nilichokiona ni kwamba baada ya siku kadhaa dada alilalamika miguu mizito, kama anatembea ndani ya matope. Chaki ilimdondoka darasani. Midomo ilimchonyota. Bibi akasema ni uchovu wa kurudi kazini mapema. Magesa akasema ni malaria inakuja. Mimi nilitazama safu ya mapigo. Themanini na mbili. Sabini na nne. Sitini na sita. Nikafurahi. Lazima niliandike hili wazi, kwa kuwa ni kosa ambalo mtu wa kazi yangu tu angeweza kulifanya: kule kiwandani, namba ikishuka ni habari njema. Chumba kinapoa, samaki wako salama. Tangu aumwe moyo wake ulikuwa ukikimbia, na sasa ulikuwa ukitulia, na nilimwambia hivyo. Aliniangalia akasema, "Basi mbona nachoka kutulia?" Nikacheka. Hamsini na nane. Hamsini na moja. Asubuhi ya Alhamisi nilihesabu dakika nzima, nikahesabu tena, kisha mara ya tatu. Thelathini na nane. Kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi ambayo niliisubiri nikiwa sipumui. Alijaribu kukaa kitandani na miguu haikumtii. Akasema jina langu, "Masatu," bila kuongeza neno.

Magesa alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Nilikimbia kiwandani nikarudi na pikapu ya mapanki, haijaoshwa, na dereva wake, Msukuma mtulivu, alitandika turubai nyuma na kutuambia tumshike vizuri, balabala ni mbovu. Tulimlaza katikati yetu. Harufu ya samaki ilikuwa kali, na Bibi alimfunika pua kwa ncha ya kanga yake njia nzima. Mimi nilishika kifundo cha mkono. Nilihesabu kwa sauti bila kujua, mpaka Magesa akaniambia ninyamaze.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni, chini ya dirisha lenye wavu uliotoboka. Muuguzi aliyempokea alisema inaonekana ni malaria kali, kama wengi wa wiki ile, na chupa ya kwinini ilikuwa tayari mezani. Tabibu wa zamu aliitwa Shija, kijana wa Magu mwenye suruali fupi kidogo. Alimbonyeza miguu, akamwambia ainue mkono, mkono haukuinuka, akashika mapigo, na uso wake ukabadilika. Akamwashiria muuguzi asubiri na ile chupa. Akauliza ana tatizo gani la zamani. Figo, tukamjibu. Mnampa chumvi? Hapana, tukasema wote watatu kwa pamoja, na tulikuwa tukisema kweli.

"Hata punje?"

"Hata punje," nikasema.

Alisimama akifikiri. Kisha akauliza swali ambalo nadhani lilitoka jikoni kwa mama yake, si chuoni. "Mlenda mnaunga na nini?"

Bibi akajibu, "Maji ya majivu, baba."

"Majivu ya nini?"

"Ya gugu la ziwani."

Tabibu akavuta pumzi. Akauliza kiasi gani na tangu lini. Bibi akaninyooshea kidole akasema mjukuu anaandika. Shija akaniambia nitafute siku hizo, anakuja sasa hivi, akatoka karibu akikimbia kwenda kuleta mashine ya kupima umeme wa moyo. Daftari lilikuwa ndani ya shati langu. Nikalitoa. Hapo Magesa, ambaye hakuwahi kupandisha sauti nyumbani, alisema akiwa amemkazia macho mkewe, si sisi: "Aliyemzidishia mke wangu kitu hicho hatakaa tena chini ya paa langu."

Nilifungua ukurasa. "Vijiko 3", mwandiko wangu, wino mweusi wa kalamu ya kiwanda. Nilikuwa shemeji tu katika nyumba ile, na godoro langu lilikuwa nyuma ya kabati. Najua hiyo si sababu. Naeleza tu kilichopita kichwani. Kwenye kimeza cha kitanda palikuwa na kalamu ya muuguzi. Nikaichukua, na mbele ya "vijiko 3" nikaandika maneno mawili: "Bibi ameongeza." Ilichukua muda mfupi kuliko kusoma kipimajoto.

Shija akarudi na mashine, akambandika nyaya kifuani na kwenye viungo, karatasi ikaanza kutoka. Hata mimi niliona kwamba michoro ile haikuwa ya kawaida: vilele vyembamba, virefu kama mahema, na mbele yake mawimbi mapana, mazito. Aliutazama mkanda, akanyoosha mkono bila kunigeukia, nikampa daftari. Akasoma kwa sauti, haraka, kama mtu anayesoma lebo ya dawa. Siku kadhaa vijiko viwili. Kisha vijiko vitatu, Bibi ameongeza.

Magesa aligeuka polepole kumtazama mama yake.

Bibi alinitazama mimi. Sikuwahi kutazamwa vile kabla wala baada. Hapakuwa na hasira ndani yake. Ilikuwa kama anasubiri nimalize sentensi. Sikumaliza. Akashusha macho kwenye daftari, kwenye karatasi ambayo hakuweza kuisoma.

"Kama imeandikwa hivyo," akasema, "basi ni hivyo."

Shija hakuwa na muda na sisi. Hakungoja majibu ya damu. Alimtuma muuguzi wodi ya wazazi, akisema kule wana ampuli za kalsiamu, alete zote. Alipozipata akavuta dawa kwenye bomba la sindano na kuisukuma kwenye mshipa wa dada kidogo kidogo, jicho kwenye mkanda. Sisi tulisimama ukutani. Ule ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kuupima, na sikuupima. Karatasi ilitoka sentimita kwa sentimita. Mawimbi mapana yakaanza kusinyaa. Baadaye, nilipomuuliza ile dawa imeiondoaje potasiamu, aliniambia haijaiondoa hata kidogo. Kalsiamu haipunguzi umati. Inauimarisha tu moyo uweze kuuvumilia kwa dakika chache, mpaka ifanyike kazi yenyewe. Kazi yenyewe ilikuwa sukari na insulini kwenye mshipa, kuusukuma ule umati urudi ndani ya seli, na baada ya hapo figo zake dhaifu kuutoa taratibu, bila ndizi, bila maharage, bila majivu. Mchana ulikuwa umesimama juu ya bati la wodi dada alipogeuza kichwa. Nikashika kifundo. Hamsini na sita. Akauliza kwa nini ananuka samaki.

Bibi Nyamisi aliondoka Jumatatu iliyofuata. Magesa hakumfukuza, alimwambia, "Mama, rudi nyumbani upumzike," na wote tulielewa. Magesa alibaki na dada wodini. Mimi ndiye niliyembebea Bibi kikapu mpaka bandarini, ambako meli ilikuwa ikisubiri wanaume wafungue njia kwenye magugu kwa miti mirefu. Tulikaa juu ya magunia. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nimeyapanga tangu Nyakato. Kila nilipoyafikia, baharia wa meli alipiga kengele, au mtu alipita na kuku. Bibi alipoinuka alinikabidhi lile kopo lililotobolewa chini. Akasema nilitupe mbali, watoto wasije wakalichezea. Kisha akasema, "Mtunze. Wewe ndiye unayejua kusoma."

Aliishi miaka saba baada ya hapo, na hakuwahi kuja tena Mwanza. Magesa alikwenda Ukerewe kumzika. Dada naye aliishi muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyemwona siku ile angethubutu kusema, kwa sababu alikula alichoambiwa na kwa sababu figo zake, ingawa chovu, hazikufa kabisa. Ila zilimdai kwa njia nyingine, na hili nalo nililisoma nikilitazama kwake. Kalsiamu mwili huilinda kwa ukali kuliko hata sukari. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, na kazi yao ni kuonja damu. Kalsiamu ikipungua kidogo tu, zinatuma homoni: figo zizuie isipotee, utumbo uifyonze zaidi, na kama haitoshi, mifupa itoe. Lakini utumbo hauwezi kuifyonza vizuri bila vitamini D, na vitamini hiyo haifanyi kazi mpaka figo ziigeuze. Figo zikishindwa, tezi zile nne zinaendelea kupiga kelele na mifupa inaendelea kutoa. Namba ya damu inabaki nzuri. Ukiipima utasema kila kitu kiko sawa, na wakati huo mtu anamalizika kutoka ndani ili namba isibadilike. Dada alifupika. Kifundo cha mkono, kilekile nilichokuwa nikihesabia, kilivunjika akiinua ndoo nusu ya maji. Nilimpelekea maziwa na dagaa wa kukaanga mpaka nikaambiwa hata hivyo vina kipimo. Mara kwa mara, tukiwa wawili, aliniuliza kwa utulivu kama hesabu zangu zote zinatoka. Nilidhani anazungumzia kazi. Nilimjibu zinatoka.

Chai ilikuja, ikapoa. Wanawake nje walimaliza masufuria. Nikafungua daftari, na sikuhitaji kutafuta ukurasa, lilifunguka lenyewe kama kitabu kilichofunguliwa mahali pamoja mara nyingi. Wino mweusi umekuwa wa kahawia. "Vijiko 3." Mbele yake, kwa wino wa bluu ambao hata mtoto wa darasa la nne angejua ni wa kalamu nyingine na wa saa nyingine: "Bibi ameongeza." Na pembeni, kwa mwandiko ule wa ubaoni, ulionyooka, kwa wino mwekundu: "Kazi ya nani?" Chini yake ameacha nafasi ya mistari miwili. Wino huo mwekundu nao ulikuwa umefifia. Uliandikwa zamani sana. Pengine mwaka uleule, akiwa bado kitandani, pengine Bibi akiwa bado hai. Alijua, akaacha nafasi, akaniuliza kila alipoweza kuuliza bila kunijibia.

"Kuna nini humo?" Magesa akauliza. "Nisomee."

Nilitazama macho yake meupe. Hakuweza kuona ukurasa, kama mama yake asivyoweza siku ile. Ningeweza kusoma chochote. Nilichukua kalamu mfukoni, nikaandika kwenye nafasi ile neno lililokuwa likisubiriwa, kisha nikamsomea mstari wote kama ulivyopaswa kuandikwa tangu mwanzo.

"Vijiko vitatu. Bibi alisema viwili. Nimeongeza mimi, Masatu."

Hakusogea. Nje mtu alikuwa anamwaga maji uani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.